Kiti cha Kando ya Mama Mkwe

Kuna watu ambao wakifika uwanja wa ndege huomba wakae pamoja na jamaa zao. Nimewaona mara nyingi: baba amempakata mtoto, mama anamsihi karani wa dirishani, wako tayari hata kulia ili viti vyao visitenganishwe. Nikiwaona hugeuza uso. Mara yangu ya kwanza kupanda ndege mimi niliomba kinyume chake, tena niliomba mbele ya watu, na fedheha niliyoipata siku ile ingali inanichoma hata leo nikiwa nimeota mvi, na binti aliyezaliwa mchana ule ana watoto wake mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na duka la vyuma mjini Migori. Niliuza misumari, mabati na makarai, na wateja wangu wakubwa walikuwa wachimba dhahabu wa Macalder, watu wanaonunua karai leo na kurudi wiki ijayo wakidai ulipowauzia lilikuwa limeshatoboka. Mke wangu alikuwa mwalimu. Siku hizo alikuwa Nairobi kwa kozi, na mimba yetu ya kwanza ilikuwa imeshakua. Asubuhi moja mwenye duka la dawa la jirani aliniita mbio kwenye simu yake. Sauti ya mke wangu ilikuwa ndogo sana. Alisema amelazwa, presha imepanda, na madaktari wameamua kwamba kesho mchana watampasua kumtoa mtoto.

"Njoo na mama," akaniambia. "Wasinipeleke kule ndani kabla sijamwona. Umenisikia? Usije peke yako."

Nikasema nimesikia. Alikuwa analia, nami nilikuwa nimesimama katikati ya watu waliokuja kununua dawa za malaria, basi nikajikaza kisabuni.

Kusema ni rahisi. Mvua ilikuwa imenyesha hadi barabara ikakatika, na mabasi ya Nairobi yalikuwa yamelala njiani na abiria wake. Mteja wangu mmoja, fundi wa mradi wa maji, ndiye aliyeniambia kwamba kuna ndege ndogo inayokuja Homa Bay mara moja moja kuchukua wakubwa wa miradi na wanunuzi wa samaki, na kwamba viti vikibaki huuzwa kwa yeyote. Kesho yake asubuhi ilikuwa inakuja. Viti viwili vilikuwepo. Nauli ilinitoa jasho, lakini si nauli ninayoisimulia hapa.

Ninachosimulia ni kwamba kwetu Wajaluo mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Tunamwita maro. Humpi mkono. Huli naye meza moja, hulali chini ya paa analolala, na chumba chake hukioni hata mlango ukiwa wazi. Ukikutana naye njiani mnapishana kila mmoja upande wake, na mkiongea kila mtu anaangalia kwake. Ukiwa na neno zito la kumwambia, unamwambia mkeo naye analipeleka. Huko si kuchukiana. Ni heshima, na ni heshima kubwa kuliko ile unayompa mama aliyekuzaa. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya kale. Mimi nilikuwa mtu wa suruali ya kupigwa pasi, mtu wa kanisani kila Sabato na redio kila jioni, lakini nikifika kwa mama mkwe nilinyata kama mtu aliyekuja kuiba kuku.

Nilimkuta Sindo, ufuoni, akigeuza dagaa zake za omena zilizoanikwa juu ya nyavu. Nilisimama mbali nikamtuma jirani yake amwite. Alikuja akasimama ubavu ubavu, tukaongea sote wawili tukiliangalia ziwa. Nilimweleza habari ya binti yake. Aliniambia tu, "Ngoja nikaoge." Tulikwenda Homa Bay kwa gari la kubeba mizigo, yeye mbele kwa dereva, mimi nyuma juu ya magunia nikinyeshewa, na nilikuwa nimeridhika kabisa. Usiku huo yeye alilala kwa binamu yake, mimi nikalala gesti. Hadi hapo kila kitu kilikuwa kimekwenda kwa adabu.

Uwanja wenyewe ulikuwa nyasi, banda la mabati na ng'ombe. Karani alikuwa kijana wa Nairobi mwenye tai ndefu kupita kiasi. Kwa sababu ndege ilikuwa ndogo, kila abiria alipimwa uzito pamoja na mzigo wake, kwenye mizani ya jukwaa kama ile ya kupimia magunia ya mahindi, na karani aliutangaza uzito kwa sauti ya mtu wa mnada. Zamu ya mama mkwe ilipofika, alivua viatu vyake vya raba akavishika mkononi, akapanda juu ya mizani na gauni lake jeupe la kanisani. Niligeuka haraka nikawaangalia ng'ombe. Lakini masikio hayageuki. Nikaujua uzito wa mama mkwe wangu. Hakuna mkwe anayepaswa kujua kitu kama hicho, na sijamwambia mtu hadi leo.

"Mko pamoja?" karani akaniuliza.

"Tuko pamoja," nikasema kwa sauti ya chini, "lakini naomba tukae mbali mbali."

Akaniangalia. "Boss, watu hunililia hapa niwaweke pamoja. Wewe unataka nikutenganishe na mamako?"

"Si mama wa kunizaa. Ni mama mkwe."

"Si ni mama tu? Ama mmekosana?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Wengi walikuwa wageni: wazungu wawili wa mradi, Mhindi mmoja wa kiwanda cha samaki, wanunuzi kutoka Nairobi, na mmoja wao alikuwa mwanamke mnene mwenye gambuti ambaye kila alichokisema alikisema kwa nguvu. Mtu wa kwetu alikuwa mmoja tu, mzee mwenye koti na gazeti. Yeye alielewa papo hapo. Nilimwona anaelewa, kisha nikamwona anafungua gazeti lake na kujificha nyuma yake. Simlaumu. Kulitaja jambo lile hadharani kungekuwa ni kutuvua nguo sote.

Karani akatangaza kwamba watapanda kwanza wazee na wenye watoto, na wanaowasindikiza. Watoto hawakuwepo. Mzee aliyehitaji kusindikizwa alikuwa mama mkwe peke yake. Alianza kutembea kuelekea kwenye ndege polepole, ameshika mfuko wake kwa mikono miwili, na mbele ya zile ngazi ndogo akasimama. Hakuwahi kuiona ndege kwa karibu. Nilijua anaogopa. Nilijua pia kwamba nikienda itabidi nimshike mkono apande, basi nikarudi nyuma hadi mwisho wa foleni, nikaviangalia viatu vyangu. Mzungu mmoja ndiye aliyekwenda kumsaidia.

"Vijana wa siku hizi," akasema yule mwanamke wa gambuti. "Anaacha mamake apandishwe na watu baki, yeye amesimama tu hapa kama mlingoti."

Wote walikuwa wanafikiri hivyo hivyo. Heshima niliyofundishwa tangu utoto, mbele ya watu wale ilionekana ni roho mbaya, na sikuwa na maneno ya kuwaeleza ambayo yasingenizidishia aibu.

Nilipanda wa mwisho. Vilikuwa vimebaki viti viwili: kimoja kule nyuma kabisa penye masanduku ya samaki, na kingine kando ya mama mkwe. Nilimpita macho chini, nikaketi nyuma, nikashusha pumzi. Rubani, mzungu mzee aliyezungumza Kiswahili cha shambani, akageuka kutoka kule mbele.

"Wewe! Hapana kaa huko. Nyuma iko zito. Kuja hapa, kaa na mama."

"Hapa panatosha, bwana."

"Mimi nasema kuja! Ndege dogo hii. Mama naogopa, kijana yake nashika yeye. Kuja!"

Kila mtu aligeuka kuniangalia. Nikasimama. Nikaenda. Nikaketi kando ya mama mkwe wangu, nusu ya makalio kitini na nusu hewani, mguu mmoja njiani. Viti vile vilikuwa vimebanana hivi kwamba mkono wa gauni lake uligusa mkono wa shati langu. Alikuwa amejikunja kuelekea dirishani na kujifunika leso hadi machoni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, ila sasa hata ardhi ilikuwa mbali.

Rubani akaja kukagua mikanda. Wa kwangu nilikuwa nimeshaufunga. Wa mama mkwe ulikuwa unaning'inia, hakujua ni wa nini.

"Funga mama mkanda," rubani akaniamuru.

Hapo ndipo ninapotokwa jasho kila nikikumbuka. Mkanda ule ulipaswa kupita kiunoni mwake. Ilibidi nimuinamie, niutafute upande wa pili chini ya paja lake, niulete mbele ya tumbo lake, niukaze. Mkono wangu uliinuka ukaishia hewani. Mama mkwe aliuona ule mkono kwa pembe ya leso. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake cha kuuzia omena, wazi, kila mtu akasikia:

"Hapana. Mimi sijui huyu."

Nilimwelewa. Akiwa hanijui, mimi si mkwe wake tena, ni mtu tu, na mtu baki anaweza kuambiwa akakae kwingine. Alikuwa amejitafutia njia ya kutoka, na hakuwa na nafasi ya kunifikiria mimi.

"Hapana jua yeye?" rubani akauliza.

"Sijui."

"Basi wewe nani?" akaniuliza mimi. "Nafuata mama ya watu kwa nini?"

"Hata mimi nimeshangaa," akadakia mwanamke wa gambuti. "Kule chini alikuwa anamwangalia angalia. Mama, shika mfuko wako vizuri!"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na la kusema, tena la kweli: huyu ni mama wa mke wangu, nauli yake nimelipa mimi, karani anajua. Lakini kulisema kungekuwa ni kumwita mama mkwe wangu mwongo mbele ya kadamnasi, huku nimeketi naye bega kwa bega. Nilimwangalia yule mzee wa kwetu. Gazeti likapanda juu kidogo. Nikafunga kinywa changu.

"Toka," rubani akasema. "Ndege yangu hapana taka maneno."

Nikatoka. Nilishuka zile ngazi na mfuko wangu, macho ya watu wote mgongoni, nikasimama kwenye nyasi zilizolowa. Karani aliyeweza kunitetea alikuwa mwisho kabisa wa uwanja akifukuza ng'ombe kwa mwavuli, tai yake ikipepea begani. Nikampigia kelele, hakusikia. Rubani akauvuta mlango. Nilisimama pale na akili yangu ikaanza kunirudia, na ilivyorudi ndivyo nilivyozidi kuogopa. Mama mkwe hakuwahi kufika Nairobi. Hakuijua hospitali, jina lake lilikuwa kichwani mwangu tu, sikumwambia, kwa sababu tuliongea machache mno. Angeshuka kule na mfuko wake, angeketi mahali asubiri, na binti yake angeingizwa chumba cha upasuaji macho yakiwa mlangoni. Haya yote kwa sababu ya mkanda.

Mlango ukagongwa kwa ndani. Ukagongwa tena, kwa kiganja, kwa nguvu. Nikasikia rubani akigomba, kisha mlango ukafunguka, na uso wa mama mkwe ukatokea, leso imeanguka mabegani, kichwa wazi. Sikuwahi kumwona kichwa wazi.

"Rudisha yeye!" alikuwa akipiga kelele. "Huyo ni mtoto yangu! Mimi ndio nilizaa yeye!"

"Sasa hivi nasema hapana jua," rubani akasema.

"Sasa najua."

Ndani watu wakaangua kicheko. Hata wale wazungu walicheka, sijui walielewa nini. Yeye hakucheka. Alikuwa ameushikilia mlango, mwanamke wa kanisa ambaye sokoni Sindo watu walimwachia meza zao awaangalizie kwa sababu hakuwahi kusema uongo, na sasa alikuwa amesema mara mbili, tena wa pili ukiwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Nikapanda tena. Nikaketi. Hakukuwa na pa kukimbilia sasa: mtoto wa kuzaa humfunga mama yake mkanda. Alijifunika uso wote kwa leso akainua mikono juu, kama mtu aliyeambiwa ajisalimishe. Mimi niliikazia macho shingo ya rubani nikapapasa. Nililipapasa nisilopaswa kulipapasa, nikaomba radhi kwa Mungu kimoyomoyo, nikakivuta chuma hadi kikalia. Kisha tukakaa hivyo hadi Nairobi, yeye akisali chini ya leso, mimi nikiwa nimejiegemeza upande wa njia hadi shingo ikakakamaa. Ndege iliporuka juu ya milima ikatikiswa, nilimsikia akiguna. Sikumshika. Mwanamke wa gambuti aliniangalia wakati wote.

Nairobi tulichukua teksi, yeye nyuma, mimi mbele. Tulifika hospitali mke wangu akiwa ameshadungwa sindano ya kumlegeza, kitanda chenyewe kimeshageuzwa kuelekea mlangoni. Muuguzi akasema tuna dakika chache tu. Mama mkwe aliingia mbio nyuma ya pazia la kijani. Mimi nilibaki upande wa nje, maana mke wangu alikuwa amefunikwa shuka tu na mama yake alikuwa amemuinamia. Nilimsikia mke wangu akisema, "Mama," kwa sauti ya mtoto mdogo, na hapo nami nikayaacha machozi yaje. Alikuwa amemwona mama yake. Hicho ndicho alichokitaka.

"Yuko wapi?" mke wangu akauliza baadaye, ulimi mzito.

"Yuko hapo nje ya pazia." Walikuwa wanaongea Kijaluo. Mama mkwe akaendelea, polepole, kwa sauti iliyonifikia vizuri kabisa: "Mwambie mume wako kwamba nimemkana mbele ya watu. Wamemshusha kwenye ndege kama mwizi kwa sababu yangu. Mwambie naona haya."

"Mama anasema," mke wangu akaanza, na akarudia yote, neno kwa neno, kana kwamba nilikuwa ng'ambo ya ziwa.

Nikapangusa uso. "Mwambie mama hakuna neno."

"Anasema hakuna neno."

"Mwambie lipo," mama mkwe akasema. "Mwambie kisha nikasema nimemzaa. Sijui nitamtazamaje. Yeye ni mkwe wangu, nami nimemwita mtoto mbele ya wageni, nikiwa kichwa wazi."

"Anasema lipo," mke wangu akasema. Nadhani mengine yalimshinda.

Nilisimama pale nimeshika ukingo wa pazia. Chini yake niliviona viatu vya raba vya mama mkwe, vimeelekea upande wangu. Nilikuwa na neno ambalo sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote, hata kwa mke wangu, na sijui kwa nini lilikuja saa ile.

"Mwambie mama," nikasema, "mama yangu alikufa nikiwa sijui kutembea. Mwambie tangu nizaliwe sijasikia mtu akisema kwa mdomo wake kwamba alinizaa. Mwambie pale kwenye nyasi nilimsikia, na nilitamani aseme tena."

Nikangoja mke wangu ayapeleke. Nikasikia pumzi zake, ndefu na nzito, na nikaelewa kwamba dawa ilikuwa imemchukua, kwamba alikuwa amelala kabla sijaanza kusema. Hakukuwa na mtu kati yetu. Maneno yote yale nilikuwa nimemwambia maro mwenyewe, mdomo kwa sikio.

Viatu vya raba vilikaa vilivyokaa. Halafu vikageuka polepole, vikaelekea kitandani. Nami nikauachia ukingo wa pazia nikatoka nje kwa miguu ya haraka, uso ukiniwaka moto.